Piga Hodi Kwanza: Mazoea ya Kila Siku ya Kujirekebisha na Kuelewana na Watu

Nyumba ya mawe ya Mkomani, mtaa wa kale wa mji wa Lamu, haikupokei ndani kwa mara moja. Kwanza unafika dakani, penye baraza mbili zinazotazamana mbele ya mlango. Hapo huketi yeyote, hata muuza samaki akipumzisha miguu. Ukikaribishwa unapita tekani, kijiukumbi kilichopindishwa makusudi ili aliye njiani asione yaliyomo. Ndipo unapotokea kiwandani, yaani uani penye mwanga, kisha msana wa tini na msana wa yuu, kumbi mbili ndefu zinazofuatana. Mwisho kabisa, kwenye zidaka za chokaa, vile vishubaka vya ukutani, na vyombo vya bibi, ndiko ndani kwenyewe. Huko hafiki mtu ila amekuwa wa nyumba.

Nimezaliwa katika nyumba kama hiyo hapa Lamu na nimezeeka nayo kiasi changu, lakini nilichelewa kutambua kwamba mazungumzo nayo yamejengwa vivyo hivyo. Wengi wetu hatukosani kwa ubaya wa roho. Tunakosana kwa sababu tunatoka njiani na kuingia ndani bila kupita dakani: pesa, lawama na siri tunamtupia mtu kabla hajavua viatu. Au tunafanya kinyume chake, mtoto wetu au mke wetu tunamweka dakani miaka kumi, tukimuuliza habari za kutwa tu.

Mimi ni nahodha wa mashua. Sikusomea saikolojia. Hatua zilizo hapa chini nimezishika baada ya kuumia, na nyingine nimekuja kukuta kwamba wataalamu wamezichunguza.

Jinsi nilivyopoteza miezi 11

Kakangu na mimi tulikuwa na mashua moja, nusu yake nusu yangu, ya kuvusha watu baina ya Lamu, Shela na Manda. Mwezi wa Julai, kusi, ule upepo wa kusini, imechacha na wageni hakuna, tuliipandisha ufukoni tuitie kalafati, kuziba nyufa zake. Nilikuwa chini ya mkuku, mikono imejaa pamba na sifa, yale mafuta ya papa, simu ikalia. Ujumbe wa kaka: "Nataka kuuza fungu langu."

Nikabonyeza kwa kidole kimoja kisichokuwa na mafuta, nikamjibu kwa sauti. Sekunde nne. "Fanya utakavyo, kaka."

Mimi nilikusudia: mali ni yako, sikuzuii. Yeye alisikia: nenda zako. Hakuniuliza, na mimi kimya chake nikakifasiri kuwa ni kiburi cha mkubwa. Tukawa tunapishana gatini kwa "salaam aleikum" ya kukata, huku macho ya kila mmoja yakitazama bahari. Niliyajua ya kweli muda mrefu baadaye: binti yake alikuwa amepata nafasi ya uuguzi chuoni Mombasa, na kaka alitaka mimi nilinunue lile fungu au nimkopeshe. Kuniambia moja kwa moja aliona haya. Mtoto aliripoti chuoni wiki tatu baada ya wenzake, kwa ajili ya sekunde zangu nne.

Hatua ya kwanza: alfajiri, kabla ya simu, jiulize mwenyewe

Baada ya swala ya alfajiri mji una utulivu ambao hauupati tena mpaka usiku. Usiupe simu. Chukua daftari la kawaida la shule na ukae dakika 10. Mimi huandika majibu ya maswali matatu tu:

Jana nilimkwaza nani?
Nani alinikwaza, na sikumwambia?
Leo nina neno gani, na ni la nani?

Andika majina na uandike tendo. "Nilikuwa mkali" haikusaidii kitu. "Nilimkatiza mke wangu alipokuwa akieleza habari ya dada yake" hiyo utaweza kuifanyia kazi.

Siku nyingine utakuwa na jambo zito, la msiba au la aibu. Hilo liandike kwa urefu. Mwaka 1986 mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake huko Marekani walichapisha uchunguzi ambao wanafunzi waliandika dakika 15 kwa siku 4 mfululizo kuhusu mambo yaliyowaumiza maishani. Walioandika tukio pamoja na walivyojihisi walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Lakini mara tu baada ya kuandika walijisikia wazito kuliko walivyoanza. Nalitaja hili kwa sababu wengi huacha siku ya pili, wakidhani wamefukua wasichokiweza. Uzito huo ni wa njia, unapita. Na karatasi hiyo si lazima aisome mtu, ichane ukitaka.

Hatua ya pili: salimu, kisha ungoje jibu

Watu wa pwani tunasifiwa kwa salamu, na kweli tunazo. Hujambo, sijambo, za nyumbani, njema, wazee hawajambo, watoto je. Tatizo ni kwamba zikizoeleka hutoka mdomoni kama shanga za tasbihi, moja ikisukuma nyenzake, na miguu imeshampita anayesalimiwa.

Zoezi ni hili: kila siku chagua mtu mmoja, simamisha miguu, na umuulize swali moja ambalo kweli unataka jibu lake. Liwe la kitu unachokijua kwake. Kuna kijana anayepakia mchanga kwa punda pale nyuma ya soko. Miaka mingi nilimwambia "mambo" nikapita. Siku moja nikasimama nikamuuliza, "Yule punda aliyekuwa akichechemea amekuwaje?" Akanionyesha kwato, akanieleza alivyompeleka kwa matabibu wa punda pale ukingoni, alivyoambiwa ampumzishe na hasara aliyoingia kwa kumpumzisha. Dakika nne hivi. Tangu siku hiyo mizigo yangu haikai gatini.

Mkubwa umpe shikamoo yake na uisubiri marahaba. Usiitupe. Mtoto naye anastahili kuulizwa na kujibiwa. Mtoto aliyezoea kusikilizwa salamu yake hatapata tabu kukuambia lililomtisha.

Hatua ya tatu: jambo zito lipigie hodi

Adabu yetu ya mlangoni ni hodi tatu. Usipoitikiwa unarudi ulikotoka, na humwekei mwenye nyumba kinyongo. Basi ukiwa na neno zito, lipigie hodi vile vile: "Nina neno nataka tuzungumze. Una nafasi sasa, au baada ya isha?"

Sentensi hiyo moja imeniokoa mara nyingi. Inampa mwenzako nafasi ya kukaa sawa, nayo inakupa na wewe nafasi ya kusikia "sasa hapana" bila kuona umekataliwa. Ukiambiwa sasa hapana, omba saa. Saa ikifika, nenda.

Usimvamie mtu akiwa mlangoni na vikapu mkononi, wala bosi wako akihesabu pesa, wala kijana wako ameamka sasa hivi na hajaosha uso. Kwa vijana nina ushauri zaidi: msizungumze mkitazamana. Mpeleke mkanyooshe nyavu, au mkapare samaki, au mtembee hadi Shela kwa ufuo. Kijana ambaye ukimkalisha mbele yako hupati neno kwake, mikono yake ikiwa na kazi na macho yake yakiwa mbali, atasema mwenyewe.

Hatua ya nne: rudisha maneno kwa mwenyewe

Hapa ndipo kazi ilipo, na kama una nguvu ya kushika hatua moja tu katika zote hizi, shika hii.

Juni ya mwaka uliofuata mjomba wetu alituita mimi na kaka. Hakutuambia tunaitiwa nini. Nilipofika dakani nikamkuta kaka ameshaketi baraza ya kushoto, mjomba yuko kulia, na muuza kahawa amesimama na dele lake akigonga vikombe. Mjomba akanionyesha nikae kando ya kaka, si mbele yake. Akatununulia kahawa. Kwa muda hakusema kitu. Kisha akasema:

"Leo hapa kuna sharti moja. Mtu hatajibu mpaka kwanza aseme mwenziwe amesema nini, na mwenziwe akubali kuwa ndivyo. Mkubwa, anza."

Kaka akasema, "Alinifukuza katika mashua ya baba."

Nikaruka, "Mimi sikumfukuza mtu!"

Mjomba akainua mkono. "Sikukuuliza ulifanya nini. Amesema nini?"

Nikameza mate. Nikasema, "Kaka anasema nilimfukuza katika mashua ya baba."

"Ndivyo, mkubwa?"

"Ndivyo."

"Haya, sasa jibu."

Na hapo nikagundua sina jibu. Kwa kulitamka neno lake kwa mdomo wangu nilikuwa nimelisikia: *mashua ya baba*. Mimi miezi yote hiyo nilikuwa nagombania chombo cha biashara. Yeye alikuwa analilia baba.

Ilichukua tangu alasiri mpaka adhana ya magharibi. Mara tatu kaka alisema "sivyo, sikusema hivyo," nami nikalazimika kurudia. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kuvuta foromali, ule mti wa tanga, kwenye upepo.

Baadaye nilisoma kwamba Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, alipendekeza sharti hilo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1950: katika mabishano, kila mtu aseme la kwake baada tu ya kueleza mawazo na hisia za aliyetangulia, mpaka yule aridhike. Mjomba wangu hakuwahi kumsikia. Alilipata barazani, walikoketi wazee waliojua kwamba ukiruhusu watu wajibizane bila kusikilizana mtalala hapo.

Namna ya kulizoea:

Usilianze kwenye ugomvi. Lianze kwenye mambo mepesi. Mke wako akisema anataka chumba kipakwe rangi kabla ya Ramadhani, mwambie, "Kwa hiyo unataka kiwe tayari kabla ya mwezi kuandama, sivyo?" Fanya hivyo mara mbili kwa siku.

Tumia maneno yake pale yanapobeba uzito. Akisema "nimechoka", usimrudishie "umekasirika". Ni vitu viwili.

Malizia kwa kuuliza: "Ndivyo?" Na ukubali kuambiwa sivyo. Anayekuambia sivyo anakusaidia.

Nyamaza kidogo baada ya yeye kumaliza. Hesabu pumzi mbili. Mara nyingi neno lenyewe linakuja katika zile pumzi mbili, yale ya kwanza yalikuwa ya dakani tu.

Na usitoe ushauri usioombwa. Hili linatushinda sisi wanaume zaidi. Muulize: "Unataka nikusikilize, au tutafute la kufanya?"

Hatua ya tano: taja tendo, acha tabia

Kwa ufupi. "Wewe kila siku ni mtu wa kuchelewa" ni hukumu, na mtu akihukumiwa hutafuta wakili. "Tulikubaliana saa mbili, ukafika saa tatu, na abiria wawili wakapanda mashua nyingine" ni habari, na mtu akipewa habari hutafuta la kufanya. Ongeza lililokupata wewe, "nikaona haya mbele yao", kisha uombe unachotaka kwa maneno yanayoshikika: "Kesho ukiona utachelewa, nipigie kabla ya saa mbili." Yatoe "kila siku" na "hata mara moja" katika malalamiko yako yote. Hayana ukweli, na mwenzako atayajibu hayo badala ya jambo lenyewe.

Usisahau kwamba tendo zuri nalo hutajwa. "Ahsante" ya jumla hupita. "Ahsante kwa kunishikia usukani jana wakati mtoto alipotapika" hukaa.

Hatua ya sita: simu iwe na mipaka

Kanuni ya nyumbani kwangu sasa: habari njema, bei na maelekezo huenda kwa simu. Pesa za kudaiana, aibu na huzuni huenda kwa miguu. Kama mtu yuko Nairobi au Jeddah na miguu haifiki, basi mpigie, msikilizane pumzi, usimwandikie.

Ukilazimika kuandika jambo nyeti, kabla ya kutuma lisome kwa sauti ya mtu mwenye hasira. "Fanya utakavyo" ukiisoma kwa sauti hiyo inakuwa kofi. Kama maandishi yako bado ni salama hata yakisomwa kwa ukali, yatume. Kama sivyo, ongeza sentensi moja inayosema kusudio lako: "Sina kinyongo, mali ni yako na nitakusaidia." Maneno saba tu, mashua yetu isingepasuka.

Ujumbe wa sauti uwe na salamu, sababu, unachotaka na lini unakitaka. Sauti ya mzazi wako usiisikilize kwa kasi. Msikilize kwa mwendo anaosemea, na kikohozi chake ukisikie.

Hatua ya saba: kuomba radhi kwa jina la kosa

Tuna mila nzuri ya kuombana radhi Ramadhani ikikaribia, siku ya Idi, na mtu anapokwenda Hija. "Nisamehe nilipokukosea." Tuidumishe. Lakini kwa kosa ambalo wewe unalijua na yeye analijua, radhi ya jumla haitoshi. Ni kama kupaka chokaa ukuta unaovuja.

Taja kosa. Taja lililomfika mwenzako kwa sababu yake. Sema utarekebisha nini. Halafu nyamaza. Neno "lakini" likitokea popote humo, radhi imekwisha na utetezi umeanza.

Tulipotoka kuswali magharibi siku ile, nilimwambia kaka kando ya kisima cha msikiti: "Nilikujibu kwa sekunde nne jambo la mashua ya baba. Sikukuuliza una shida gani. Mtoto akakaa nyumbani wiki tatu. Ada ya muhula ujao niachie mimi, na fungu lako libaki lako."

Hakunijibu. Alijifuta uso kwa ncha ya kikoi. Nilitamani kuongeza maneno, kujieleza, kumkumbusha kwamba mikono yangu siku ile ilikuwa na sifa. Nikajizuia. Tulitembea mpaka karibu na Ngome ndipo akasema, "Na mimi nilinyamaza, mdogo wangu. Nilikuwa na mdomo."

Usidai kusamehewa papo hapo. Deni lako ni kuomba. Kusamehe ni kwa wakati wake yeye.

Na niseme hili bila kuficha: hatua hizi ni za watu waliokosana. Anayekupiga, anayekutisha au anayekunyima chakula hahitaji umtafutie maneno mazuri zaidi. Mwambie mtu unayemwamini leo, nenda kwa wazee, kwa chifu, polisi, au mahakama ya kadhi kama ni ndoa. Uvumilivu hapo si adabu.

Hatua ya nane: wako wa ndani waingie ndani

Mara moja kwa wiki kaa na mtu mmoja wa nyumbani bila jambo la kutatua. Mimi na mke wangu ni Alhamisi usiku, darini, na chai ya tangawizi. Swali huwa moja: "Wiki hii nini kilikuelemea ambacho sikukiona?" Mara ya kwanza alicheka akasema hakuna. Mara ya nne alizungumza mpaka chai ikapoa.

Namna ya kuanza, na siku utakazokosa

Usizianze hatua nane kesho. Utachoka kabla ya Ijumaa. Anza na moja, na uifunge kwenye kitu ambacho tayari unakifanya. Sisi tuna bahati: adhana inatuita mara tano. Daftari nimelifunga kwenye alfajiri, salamu ya kusimama nimeifunga kwenye alasiri nikitoka msikitini, na kurudisha maneno nimekufunga kwenye chakula cha usiku.

Kuhusu muda, mtafiti Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu kimoja cha London walifuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga zoea jipya, na mwaka 2010 wakachapisha walichokiona. Kwa wastani zoea lilichukua siku 66 mpaka mtu alifanye bila kujilazimisha, lakini mwingine alihitaji siku 18 na mwingine ilikadiriwa angehitaji 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hiyo ukiona mwezi umekwisha na bado unajisukuma, hujashindwa, uko njiani. Weka alama daftarini siku ulizofanya. Siku uliyokosa iache wazi, usiandike sababu, endelea kesho yake.

Mimi nilianza na hodi. Ilinichukua karibu kusi nzima. Kaka hakuwahi kuniuliza naandika nini alfajiri, ila alikuwa akiniona.

Jumatatu iliyopita, baada ya isha, simu ikalia. Ujumbe wake: "Nina neno, mdogo wangu. Una nafasi sasa, au kesho?"

Nikamjibu, "Nipo dakani. Njoo."